Vuga Haina Lango

Ngome ni mandhari kongwe kuliko zote katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo wachezaji hukaa kuizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi, msimamizi akisimulia yanayotokea na dadu zikiamua nani kafaulu na nani kaangukia handakini. Mwaka 1971 Dave Arneson, kijana wa Minnesota nchini Marekani, alianza kuwazamisha rafiki zake katika mashimo yaliyo chini ya ngome aliyoiita Blackmoor. Mwaka 1972 Gary Gygax wa Wisconsin akachora ya kwake, Greyhawk. Mwaka 1974 ukatoka Dungeons & Dragons, mchezo wa hao wawili ambao ndio mzazi wa karibu yote iliyofuata, na mwaka 1983 Tracy na Laura Hickman wakauongezea Ravenloft, ngome ya mnyonya damu aitwaye Strahd. Kanuni za mwanzo zilimruhusu mpiganaji aliyefika ngazi ya tisa ajenge ngome yake mwenyewe. Hata katika ndoto, mtu akifanikiwa huulizwa kama ameshajenga.

Mfululizo wa vikao vya mchezo huu huitwa kampeni, ingawa hakuna anayegawiwa fulana wala kofia. Ngome huifaa kampeni kwa sababu nne: huzuia watu wasiingie, huficha siri ndani yake, ina mwenyewe, na inaweza kutekwa. Msimamizi aliyeshika mambo hayo manne hahitaji kitu kingine zaidi ya chai.

Wachezaji wa pwani hawana shida ya kupata kuta. Mombasa ina Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko na mizinga. Unguja kuna Ngome Kongwe, Kilwa Kisiwani kuna Gereza. Wachezaji wa Milima ya Usambara wana Vuga, iliyokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Kikilindi tangu karne ya 18, na Vuga haina ukuta wa kuparamia, wala daraja la kuinuliwa, wala handaki la maji. Hata hivyo inafanya kazi zote nne za ngome, na inazifanya kwa namna inayowaletea wachezaji aibu ambayo kuta za mawe hazijawahi kuwaletea.

Kuunda mhusika

Kabla ya kampeni kuanza kila mchezaji huandika maisha ya mhusika wake. Hapa hutokea ajali ya kwanza, nayo ni ya majivuno. Mchezaji huandika kwamba shujaa wake alizaliwa na kisirani, akanyimwa urithi na ndugu zake, akakimbilia ugenini, rafiki yake akafia mikononi mwake, naye sasa anatangatanga porini na mbwa. Huyasoma hayo kwa sauti nzito, akitarajia meza nzima inyamaze. Meza hainyamazi, kwa sababu kila aliyekulia kati ya Soni na Bumbuli anamjua mtu huyo. Ni Mbegha.

Masimulizi ya Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, yanasema Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu. Alikuwa kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, na ndugu zake wakamnyima urithi. Alifika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko. Kijana huyo alipouawa windoni Mbegha akalazimika kukimbia tena, safari hii akaingia milimani Usambara. Aliwagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akawaamulia mashauri, akawapunguzia wanyama waharibifu, mwishowe wakamwomba awatawale. Akiwa njiani kwenda Vuga aliua simba, na tangu hapo wafalme wa Vuga wakaitwa Simba Mwene. Habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotoka kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, na hivyo kimewatangulia watunzi wa Blackmoor na Greyhawk kwa zaidi ya nusu karne. Mchezaji aliyeumbuka hufuta mbwa, huweka kinyonga, na mchezo huendelea.

Kupanda

Ajali ya pili inatokana na picha za vitabuni. Mpiganaji hununua deraya ya chuma, ngao kubwa, upanga wa mikono miwili na farasi, kisha hutangaza kwamba anapanda kutoka tambarare za Mombo. Msimamizi mwenye huruma humwuliza mara mbili kama ana hakika. Mlima unainuka ghafla kutoka uwandani, njia inajipinda kila hatua chache, na ukungu ukishuka mtu hamwoni aliye mbele yake. Katika kanuni za kampeni ya Vuga, deraya ya chuma hupimwa kwa dadu kila kona, na farasi hupimwa kwa dadu kila daraja la miti. Mara nyingi kikosi hufika juu kikiwa na mpiganaji aliyebeba deraya kichwani, farasi aliyeachwa kwa mwenyeji mmoja bondeni kwa ahadi ya malipo, na deni.

Mlima wenyewe ndio sehemu ya kwanza ya ngome. Mji ulikaa mgongoni mwa mlima, nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi zikiwa zimesongamana katikati ya migomba. Msafiri wa Kizungu Richard Burton, aliyefika na mwenzake John Speke Februari 1857, alikadiria nyumba 500 hivi na watu wapatao 3,000. Mchezaji anayeusikia mji huo ukielezwa kwa mara ya kwanza huuliza lango liko wapi ili mwizi wa kikosi alifungue kwa ufunguo malaya. Msimamizi hujibu kwamba lango halipo. Mwizi, ambaye pointi zake zote ameziweka kwenye kufungua makufuli, hukaa kimya kikao kizima.

Kuingia

Sehemu ya pili ya ngome, na ndiyo ngumu kuliko zote, ni utaratibu. Vuga haikuwa mahali pa kuingia mgeni anavyotaka. Wageni waliwekwa kando, wakasubiri habari zao zipelekwe mbele na ruhusa irudi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, alikwea milima hii mwaka 1848 na tena 1852 kumwomba mfalme Kimweri ye Nyumbai ruhusa ya kufungua kituo cha misheni. Alipokewa vizuri, akaahidiwa vizuri, na kituo chake hakikujengwa. Msimamizi wa kampeni hana haja ya kubuni mtego wowote mbali na huo.

Mezani mambo huenda hivi. Kikosi hufika na kumwambia mzee wa kwanza wanayemkuta kwamba kina haraka, kwa kuwa ulimwengu unakaribia kuangamia. Mzee huwasalimu, huwauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za mahindi. Mchezaji mwenye mhusika fasaha huomba kurusha dadu ya pande 20 ili kumshawishi. Huirusha, hupata 20, meza hushangilia. Msimamizi hutangaza matokeo: mzee amevutiwa mno na maneno yao, hajapata kuona vijana wenye adabu kama hao, na anawaomba wasubiri.

Wachezaji wengi huchukulia jibu hilo kuwa dhuluma, na hapo ndipo mpiganaji husimama na kusema anapita kwa nguvu. Kosa hili lina adhabu yake, wala si ya kupigwa mkuki. Hakuna anayemzuia. Hutembea kati ya migomba, huzunguka nyumba zinazofanana, huingia ya kwanza anayodhani ni ya mfalme, na hujikuta mbele ya mke wa mfalme akipika. Kuanzia hapo kesi yake hupelekwa barazani, na kikao kinachofuata chote huwa cha faini. Mkokotoo wa faini hufanywa kwa mbuzi, na msimamizi mzoefu huwa na orodha ya mbuzi tayari.

Njia inayofaulu ni ya kizembe kwa macho ya anayependa vita. Kikosi hutafuta mwenyeji wa kukidhamini, huleta zawadi, husema kidogo, husubiri bila kununa. Wachezaji waliowahi kufuatilia hati ya kiwanja katika ofisi yoyote huvuka hatua hii kwa urahisi wa ajabu. Hufika wakiwa na nakala mbili za kila kitu na picha ndogo za pasipoti za wahusika wao.

Mwenye ngome

Kila ngome ina mwenyewe, na wachezaji hutarajia awe wa kutisha. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi kufa kwake mwaka 1862, alikuwa na mamlaka yaliyoteremka kutoka mlimani hadi miji ya mwambao wa Tanga na Pangani, ambako alipakana na madai ya Sultani wa Zanzibar. Mkubwa wa mji wa pwani aliweza kujikuta akiwaridhisha mabwana wawili kwa wakati mmoja. Kimweri aliwaweka watoto wake kuwa watawala wa sehemu mbalimbali za nchi. Kwa kampeni, huo ni utajiri: kila kijiji ambacho kikosi kinapita kina mtoto wa mfalme, na kila mtoto wa mfalme ana maoni juu ya ndugu zake.

Lakini Burton na Speke walipofikishwa mbele yake mwaka 1857 walimkuta mzee mgonjwa. Hakuwataka kwa silaha zao wala kwa safari yao. Alitumaini kwamba mganga wa Kizungu angempa dawa ya kumrudishia nguvu. Burton hakuwa nayo, na wageni hawakukaa sana.

Tukio hilo ndilo kitovu cha kampeni nyingi za Vuga, na huzaa ajali isiyoepukika. Mchezaji mwenye mhusika mganga, aliyechoka kuonekana msaidizi wa wengine, husimama na kusema yeye anaweza. Msimamizi humwomba arushe dadu. Dadu huruka kutoka mezani, huviringika sakafuni na kuingia chini ya kochi, na kanuni inayokubalika kote ni kwamba dadu iliyoanguka husomwa ilipo. Mtu hulala kifudifudi na tochi ya simu. Inasoma 1. Hapo wachezaji hugundua tofauti kati ya joka na mfalme: joka ukishindwa kuliua unakimbia, mfalme ukishindwa kumponya unaulizwa mbele ya baraza ni nani aliyekuleta.

Mvua

Siri inayofichwa katika ngome za kawaida ni hazina. Ya Vuga ni mvua. Wasambaa walimhesabu mfalme kuwa mtu awezaye kuiponya nchi, kuzifya shi, au kuiharibu, kubana shi. Mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani alikuwa mwenye mvua, na ushuru aliopewa ulikuwa na maana hiyo ndani yake. Watu wawili wenye dawa za mvua wakishindana, nguvu kwa nguvu, wanaoumia ni wakulima: mvua hukatika au hushuka bila kiasi, na njaa huingia. Mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza mawazo haya kwa kirefu katika The Shambaa Kingdom (1974) na Peasant Intellectuals (1990).

Kwa msimamizi, hii ni kanuni kamili ya uchawi isiyohitaji jedwali. Kwa mchezaji mwenye mhusika mchawi ni shimo lililofunikwa majani. Vitabu vya mchezo humpa uwezo wa kuita dhoruba, naye huutumia kama anavyoutumia popote, ili kuwalowesha maadui waliojificha migombani. Maadui hulowa. Asubuhi kunakuwa na watu nje ya kibanda chake, wamekaa kwa heshima, wamekuja na kuku. Kijiji cha pili kinauliza kwa nini mvua yake imewaruka. Cha tatu kinauliza kwa nini imewachukulia maharage. Jioni wanafika wajumbe wa mfalme kumwuliza, kwa upole kabisa, kama anadai kitu. Mchawi aliyeingia Vuga akitafuta uwezo hutumia sehemu iliyobaki ya kampeni akijitahidi kuthibitisha kwamba hana.

Mrithi

Kifo cha mfalme kilikuwa jambo la kufichwa. Kwa desturi mrithi alikaa Bumbuli, aliitwa kwa siri, akasafiri usiku, na watu walipaswa kupata habari ya kifo wakati kiti tayari kina mwenyewe. Usiku huo mmoja una kila kitu ambacho msimamizi anakitamani: njia ya mlimani gizani, siri, wapinzani wenye sababu zao, na saa ya mwisho isiyosogea, yaani alfajiri.

Ajali ya hapa ni ya mdomo. Katika kila kikosi yupo mchezaji mmoja asiyeweza kutunza jambo, na msimamizi humjua. Kikosi hupewa kazi ya kumsindikiza mrithi. Kinakutana na mwanamke mwenye mzigo wa kuni anayetoa salamu. Mchezaji huyo, kwa nia njema na kwa kutaka kuigiza, hujibu salamu na kuongeza kwamba wana msiba. Wengine hushika vichwa. Dadu hazina msaada. Habari hufika Vuga kabla ya mrithi, na asubuhi kuna wafalme wawili barazani, kila mmoja akiwa na wajomba.

Kutekwa

Sifa ya nne ya ngome ni kwamba huweza kuanguka. Kimweri alipokufa alirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara ya Pangani, ambako bunduki zilipatikana kwa biashara. Vita vikazuka, Wabondei wakajitoa katika utawala wa Wakilindi, na mnamo 1868 Vuga ikachomwa moto. Semboja aliyeshinda hakuhamia juu. Alibaki Mazinde, karibu na soko. Miaka hiyo watu wengi walikamatwa na kuuzwa utumwani, na msimamizi mwenye busara huiacha sehemu hiyo iwe nzito bila kuitilia dadu.

Funzo la mchezo ni hili: ngome iliyojengwa kwa utaratibu haiangushwi na anayeupiga ukuta, huangushwa na anayepata nguvu mahali ambapo utaratibu ule haufiki. Vikosi huligundua jambo hilo kwa bahati mbaya. Mchezaji aliyekasirishwa na kusubiri kwenye kikao cha kwanza hupendekeza wateremke Mazinde wakanunue bunduki, na pendekezo hupita bila upinzani. Hurudi na moto kwenye mji wa nyasi. Mji huungua katika kikao kimoja. Baadaye wachezaji huomba kumwona mfalme ili wadai thawabu, huambiwa hakuna mfalme wa kuwapa, huomba mvua, huambiwa hakuna wa kuileta, huomba angalau yule mwenyeji aliyewatunzia farasi, na hapo msimamizi hufunga daftari lake.

Meza

Mazingira ya kuchezea yana ajali zake, na maandalizi mazuri huzipunguza bila kuzimaliza. Ramani ya Vuga ichorwe kwenye karatasi ngumu, kwa kuwa ukungu wa Usambara huingia dirishani na kalamu ya wino huchuruzika. Milima yote ya ramani huwa maziwa. Karatasi za wahusika zitolewe nakala mapema, maana umeme hukatika mchana wa siku ambayo stesheneri ina foleni. Dadu za pande 20 hazipatikani gulioni. Wanaozikosa huandika namba kwenye vipande 20 vya karatasi na kuvichota ndani ya kopo, utaratibu usio na kasoro hadi mtoto mdogo atakapofika kwenye kopo hilo.

Tatizo kubwa zaidi ni wasikilizaji. Kampeni ya Ravenloft ikichezwa sebuleni haimhusu mtu jikoni. Ya Vuga inamhusu. Msimamizi anaposema kwa sauti ya kutisha kwamba Shekulwavu, mwana wa Kimweri, ameketi kitini, sauti hutoka jikoni: “Mjukuu. Rudia, mwanangu.” Msimamizi hurudia. Dakika chache baadaye bibi wa nyumba huja na sahani ya viazi, hukaa “kidogo tu”, na kuanza kueleza ukoo wake unaingilia wapi katika habari hiyo. Hapana njia ya kumkatiza mzee anayeeleza ukoo, na dadu haziruhusiwi kurushwa wakati akizungumza. Vikosi vyenye uzoefu humpa bibi nafasi ya baraza zima la Vuga tangu mwanzo. Bibi huamua kesi zote za faini, hukataa rufaa, na tangu ashike nafasi hiyo hakuna mhusika aliyeingia mjini bila kusalimia.

Kampeni ya Vuga huweza kumalizika kwa njia tatu. Kikosi kinaweza kukubaliwa, kikapewa kazi na mahali pa kukaa. Mji unaweza kuteketea. Au, kama inavyotokea zaidi, mchezaji mmoja hupata ajira Dar es Salaam, wa pili huanza mitihani, na wa tatu huitwa shambani mahindi yakiwa tayari. Katika hali hii ya tatu kampeni huhesabiwa kuwa imeahirishwa. Karatasi za wahusika hutiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa mwenye nyumba, naye ndiye mwenye haki ya kuitisha kikao kingine, akishapata ruhusa ya baraza.